Gereji ya Wasomaji: Nikifunga pampu kubwa ya mafuta, gari itaongeza nguvu?

Mwezi huu maswali ya pampu ya mafuta yamekuja mengi, toka Mbeya, Iringa, Njombe mpaka huko Tukuyu, na mengi yanafanana. Nimechagua machache, la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu likieleweka hilo mengine yanakuwa mepesi.

SWALI: Ugonile kaka fundi. Niko Mbeya maeneo ya Forest, nina Toyota Chaser JZX100 yenye injini ya 1JZ tabo, gia ya mkono, gari iko vizuri na busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, bado ni ya kiwandani. Nataka kuipandisha mpaka hosipawa 350 hivi, nikipandisha Mlima Nyoka isihangaike kabisa. Fundi wangu ananiambia nitafute pampu ya Walbro 255, ya lita 255 kwa saa, nifunge hiyo kwanza halafu nitaona gari yenyewe inabadilika. Je ni kweli pampu peke yake inaongeza nguvu? Na hiyo 255 inatosha au nichukue kubwa zaidi moja kwa moja?

JIBU: Ugonile sana mdogo wangu. Nianze na hapo pa pampu peke yake maana ndipo watu wanapoliwa hela. Hapana, pampu haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuyatoa mafuta tankini na kuyafikisha kwenye reli ya nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, yakiwa na presha inayotakiwa, basi. Anayeamua yaingie kiasi gani ndani ya injini ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, anafanya hivyo kwa kuchagua nozeli ifunguke muda gani, na yale yasiyotumika yanapita kwenye regulata, kile kifaa cha kudhibiti presha, yanarudi tankini. Kwa hiyo ukiweka pampu kubwa na vingine vyote ukaviacha vilevile, kinachoongezeka ni mafuta yanayorudi tankini. Kujaza kuni jikoni hakuongezi ugali kama unga ni uleule, na unga wa injini ni hewa.

Sasa usije ukasema basi pampu haina maana, maana wengi wakisikia hivyo wanaruka upande wa pili, wanapandisha busti na pampu ya zamani ikiwa bado imo tankini, na hapo ndipo injini zinapokufa. Petroli inaungua yote vizuri ukiwa na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, lakini injini ya tabo ikikanyagwa mpaka chini inapewa mafuta zaidi ya hapo, kwenye 11.5 mpaka 12 kwa 1, ule ziada unapoza chumba cha moto na kuzuia mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati wake. Pampu ikishindwa, presha inashuka, nozeli zinafunguka muda uleule ila kinachotoka ni kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, moto unazidi, injini inaanza kugonga, pistoni inatoboka au inavunjika pale kwenye ringi. Na haikupi onyo la maana. Gari nyingine mkavu ukianza zinavuta vizuri kuliko kawaida, dereva anafurahi, baada ya hapo injini imenoki na anaanza kutafuta injini nyingine ya mtumba toka Japani.

Tupige hesabu, na wewe ichukue uwe nayo hata ukibadilisha gari. Injini ya petroli yenye tabo inahitaji takribani lita 0.37 za mafuta kwa saa kwa kila hosipawa moja inayotoka kwenye injini. 1JZ ya kiwandani inatajwa kuwa na hosipawa 280, zidisha unapata lita 104 hivi kwa saa. Wewe unataka 350, hiyo inakuja lita 130 kwa saa. Ongeza asilimia 20 ya akiba, maana pampu haitakiwi kufanya kazi ikiwa kwenye ukingo wa uwezo wake, unafika lita 155. Pampu ya lita 255 kwa saa kwenye karatasi inakutosha na inabaki. Hiyo kubwa ya lita 450 wanayokuuzia ni kwa watu wa hosipawa 500 na kuendelea, ukiiweka kwenye mfumo wako wa kawaida, regulata na bomba la kurudishia mafuta vinaweza kushindwa kuyapitisha yote, presha inakaa juu hata gari ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, gari inakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi na ukitoka asubuhi na ile baridi ya Mbeya inatoa harufu ya petroli mtaa mzima. Kwahiyo 255, usiende zaidi.

Lakini hizo 255 zinapimwa kwenye presha ya baa 3 hivi na umeme wa volti 13.5, na hapa ndipo pana mambo mawili ambayo mwenye duka hakwambii. La kwanza, kadri presha inavyopanda pampu inatoa mafuta machache. Gari yako regulata yake ina kile kimpira kinachotoka kwenye manifodi, maana yake busti ikipanda baa 1 presha ya mafuta nayo inapanda baa 1, toka 3 inafika 4. Lazima iwe hivyo, vinginevyo busti ingeyapinga mafuta kwenye nozeli na kinachotoka kingepungua. Lakini ina maana pampu inasukuma mzigo mkubwa zaidi wakati huohuo unapoihitaji itoe zaidi. La pili ni umeme. Gari ya mwaka 1996 mpaka 2001, waya umetoka mbele mpaka tankini, soketi zina kutu, fyuzi imelegea, unaweza kukuta alternata inatoa 14 pale kwenye betri ila kwenye soketi ya pampu zinafika 11 na kitu. Pampu ya 255 ikipewa volti 11 sio 255 tena, inapungua sana. Tena Toyota kwenye injini hizi waliweka utaratibu wa kuipunguzia pampu umeme gari ikiwa haina mzigo ili isipige kelele, hicho kifaa kikizeeka kinaweza kuinyima umeme hata unapokanyaga.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya pampu, chukua mita, mtu akanyage, wewe pima volti palepale kwenye soketi ya pampu na sio kwenye betri. Ukikuta upungufu mkubwa, mwambie fundi umeme avute waya mpya mnene toka betri, wa milimita za mraba 4, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, relei nyuma, na ule waya wa zamani wa pampu utumike kuwasha relei tu. Na nasisitiza hapo kwenye waya wa zamani, kuna mafundi wanaunganisha pampu moja kwa moja na swichi ya funguo, ikitokea ajali injini imezima pampu inaendelea kumwaga petroli kwenye bomba lililokatika. Usikubali hiyo, hata ukiambiwa ni ya muda. Na arthi nayo iwe mpya, watu wanabadilisha waya wa moto wanasahau arthi.

Turudi kwenye nozeli. 1JZ yako imetoka na nozeli za cc 380 kwa dakika, ziko sita, jumla ni lita 137 hivi kwa saa kama zimefunguka muda wote bila kufunga, na nozeli haitakiwi kufika huko, unaishia kwenye asilimia 85, yaani lita 116. Gawanya kwa 0.37 unapata kama hosipawa 313. Umeona? Hiyo 350 yako haifikiki na nozeli hizo hata ukiweka pampu tatu. Unahitaji nozeli kubwa zaidi, na ukishaweka nozeli kubwa kontroli boksi ya kiwandani haizijui, itamwaga mafuta kupita kiasi, kwahiyo unahitaji na kontroli boksi ya kutyunika, yaani inayoweza kurekebishwa, pamoja na mtu anayejua kutyuni akiwa na geji ya kupima mchanganyiko kwenye sailensa, ile ya wigo mpana, sio sensa ya kawaida ya gari. Hapo ndipo hela yako inatakiwa iende. Kama bajeti haifiki huko kwa sasa, kaa kwenye 300, waya mzuri, pampu nzima, filta mpya, gari utaifurahia na itadumu.

Halafu kuna hili la mwinuko, naona halisemwi kabisa na kwa mtu wa Mbeya ni kubwa kuliko yote. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa hapa ni kama baa 0.83, Dar ni 1 na kidogo. Kopo la tabo, lile linalodhibiti busti, linapima busti juu ya presha ya hewa ya pale ulipo. Ukiseti busti baa 0.8 ukiwa Mbeya, injini inapata jumla baa 1.63. Ukishuka nayo Dar, geji bado inasoma 0.8 ileile lakini jumla imekuwa 1.81. Hiyo ni hewa zaidi kwa asilimia 11 hivi, na inataka mafuta zaidi kwa asilimia 11. Sasa mtu amefanya tyuni hapa Mbeya, kapandisha Mlima Nyoka, kaenda mpaka Igawa na kurudi, gari tamu, mchanganyiko mzuri, pampu iko kwenye mwisho wa uwezo wake ila hajui, kesho yake anaenda Dar, anashuka Kitonga, anafika kule Morogoro barabara imenyooka na hewa nzito na joto, anakanyaga, pampu inaishiwa. Gari iliyotyuniwa huku juu na ikawa inatosha tu, kule chini haitoshi. Hata Kyela kuna tofauti, kule ziwani ni mita 500 hivi. Ile asilimia 20 ya akiba niliyokwambia kwa mtu wa Dar ni tahadhari nzuri, kwa mtu wa Mbeya ni lazima.

Siku ya kufunga, mambo machache. Tanki lisiwe limejaa, betri ikatwe, presha itolewe kwanza, kazi ifanyike nje au mlango uko wazi na mtungi wa zimamoto uwe pembeni, hakuna sigara wala taa ya waya inayocheza. Kile kimpira kifupi kinachounganisha pampu na mfuniko ndani ya tanki kiwe cha aina ya kuzama ndani ya mafuta, mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kubeba mafuta ndani yake tu, ukizamishwa unalainika, unapasuka, presha inavujia humohumo tankini na utahangaika kutafuta tatizo kwenye nozeli wakati lipo pale. Na ukimaliza, funga geji ya presha ya mafuta, ibandike kwenye kioo cha mbele kwa nje uione, tafuta sehemu salama yenye mlima, mwenzako aangalie. Busti ikipanda presha ya mafuta ipande nayo sawasawa. Ukiona busti inapanda presha inabaki palepale au inashuka, toa mguu, usimalizie hiyo gia.

SWALI: Kamwene fundi, niko Iringa, natumia Subaru Forester yenye tabo, haijaguswa kitu. Nikitoka Dar nikianza kupanda Kitonga gari inakata, inakuja inakata, kama inakosa mafuta, na nyuma kuna mlio wa kuvuma. Geji ya mafuta inakuwa robo hivi. Nikifika Ilula kwenye tambarare inakuwa sawa. Nimeambiwa niweke pampu kubwa ya STI, ile Subaru ya mbio, ndio dawa. Naomba ushauri kaka.

JIBU: Kamwene. Usinunue chochote bado. Ulivyoandika mwenyewe umeshaonyesha pa kuanzia, robo tanki na mlima. Tanki la Subaru za kuvuta magurudumu yote lina mabonde mawili, kulia na kushoto, maana katikati inapita shafti. Pampu inakaa bonde moja tu. Mafuta ya bonde la pili yanahamishwa na kifaa kidogo kisicho na mota, kinavuta kwa nguvu ya mafuta yanayorudi toka kwenye injini. Kikiziba uchafu au kimpira chake kikichomoka, bonde la pampu linaisha wakati bonde la pili bado lina mafuta, geji inasoma robo wewe unajua unayo. Ukiongeza mlima mkali kama Kitonga, kidogo kilichobaki kinakimbilia nyuma na pampu inavuta hewa.

Jaribu hivi, safari ijayo jaza zaidi ya nusu kabla ya kuanza mlima. Ikipanda vizuri, fungua tanki ukague hicho kifaa na kile kichujio cha wavu kilichovalishwa kwenye pampu, hasa kama umewahi kununua mafuta ya dumu njiani. Kama hata tanki likiwa limejaa inakata, hapo pima presha, ukichomoa kimpira cha regulata ikiwa sailensi isome baa 3 hivi, na pima volti kwenye pampu. Huo mlio wa kuvuma unaweza kuwa ni wavu umeziba au pampu yenyewe imechoka, na pampu inachoka haraka kwa kutembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza mota yake. Ikithibitika imekufa, weka ya kiwandani iliyo nzima. Gari haijaguswa, ya kiwandani ilipigiwa hesabu na kiwanda na inatosha.

Na kwenye kununua, boksi tu lisikuridhishe. Walbro na Denso zote zina feki nyingi sokoni, kwa macho zinafanana kabisa. Mwambie muuzaji wazi kwamba utaifunga, utaipima presha na ujazo, ikishindwa unairudisha, akikataa nenda duka lingine. Ujazo unapimwa kwa kuelekeza bomba la kurudishia kwenye dumu lenye alama, sekunde 30, kisha unazidisha. Pampu ya 255 nzima kabisa kwenye presha na umeme wake inatoa lita 4 na robo kwa dakika. Ukiona lita 2, umepigwa.

SWALI: Mkuu habari, niko Njombe nina Altezza RS200 ya gia ya mkono, haina tabo. Dar ilikuwa inakimbia sana, toka nimehamia huku imekuwa nzito. Pampu ya lita 255 itanirudishia mbio zangu?

JIBU: Haitarudisha. Njombe ni juu kuliko Mbeya, mita 1,900 na zaidi, injini isiyo na tabo inapoteza kama moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. 210 za kiwandani huko zinabaki 165 hadi 170. Mafuta yako ni mengi ya kutosha, tena injini yako huko inatumia pungufu ya ilivyokuwa Dar. Injini isiyo na tabo inahitaji kama lita 0.3 kwa hosipawa, hata ingekuwa Dar ni lita 63 tu kwa saa, pampu uliyonayo inazimudu bila shida. Safisha filta ya hewa, plagi ziwe sawa, zoea kutumia gia ya chini mapema. Hela ya pampu nunulia tairi na breki pedi, barabara za huko zina ukungu na kona.

SWALI: Fundi naomba kuuliza, Brevis yangu ni D4 ile 1JZ-FSE, niko Tukuyu. Inamisi ikipandishwa resi. Nimebadilisha pampu ya tankini hakuna kilichobadilika. Niweke yenye nguvu zaidi?

JIBU: Hapana dada au kaka. D4, yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ina pampu mbili. Ya tankini inafikisha tu mafuta mbele, halafu ipo ya pili pale juu ya injini inayosukumwa na kemishafti, hiyo ndiyo inayotengeneza presha ya zaidi ya baa 80 kwa ajili ya nozeli zinazopuliza ndani kabisa ya silinda. Ukikuza ya tankini ile ya pili haitajali. Tafuta fundi mwenye mashine asome presha ya reli gari ikiwa kwenye resi. Na kabla ya kuilaumu pampu yoyote angalia koili na plagi, kisha kaboni kwenye njia ya hewa, D4 zina tabia ya kujaza kaboni kule na kumisi kwake kunafanana sana na kukosa mafuta.

SWALI: Shikamoo mzee. Land Cruiser yetu ya 1HZ inabeba mpunga toka Usangu kuja Mbeya. Tukipanda inakosa nguvu, kuna fundi anataka kufungua pampu ya dizeli aongeze mafuta. Tuache afanye?

JIBU: Marahaba kijana. Inatoa moshi mweusi ikipanda? Kama inatoa, mafuta tayari ni mengi kuliko hewa, akiongeza atakuongezea moshi na joto la kuua kichwa cha injini. 1HZ imetoka kiwandani bila tabo, na pampu yake isipokuwa na kile kifaa cha kufidia mwinuko inatoa dizeli ileile Dar na hukuhuku Mbeya, ndio maana gari nyingi za dizeli huku zinafuka hata zikiwa nzima. Kama haitoi moshi kabisa na bado ni nzito, aanze na filta ya dizeli, filta ya hewa na majira ya pampu, kisha nozeli zipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Ile skrubu ya kuongeza mafuta asiiguse mpaka hayo yote yamekaguliwa, na akiigusa ahesabu mizunguko aandike, ili ikibidi airudishe pale ilipokuwa.